Uzi: Niliuza viazi Uyole miaka tisa kabla ya kuingia darasani, na haya ndiyo niliyoyapata katika mwaka wa kwanza wa masomo ya biashara

Mwanzisha uzi (Uyole, Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma humu maswali ya vijana wa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini wanaouliza kama kuna faida yoyote ya kusoma astashahada ya biashara kwa mtu ambaye tayari anafanya biashara, au ambaye hatazamii kuajiriwa. Majibu mengi huwa ya mistari miwili. Mmoja atasema kasome, elimu haina mwisho. Mwingine atasema chukua hiyo ada ukafungue genge. Nimeona nieleze kwa urefu, kwa kuwa nimekaa pande zote mbili, na kwa kuwa ada kwetu ni gunia za mahindi zilizotoka ghalani.

Niliuza viazi mviringo kwa miaka tisa. Nilikuwa napanda Umalila kununua kwa wakulima, nakodi Fuso, nashusha Uyole, kisha nawauzia wakaanga chipsi wa Mwanjelwa, Soweto na Kabwe. Nikiwa na miaka 30 nikajiunga na chuo kimoja hapa mkoani, ngazi ya 4, ambayo ndiyo astashahada ya awali, katika fani ya usimamizi wa biashara. Mwaka huo mmoja una mihula miwili, na masomo yake yote ni ya msingi: utangulizi wa biashara, misingi ya uhasibu, uchumi, hesabu za biashara, sheria kidogo, mawasiliano na kompyuta. Ni masomo ambayo wenye shahada huyapita haraka na kuyasahau. Mimi naamini ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote yanayofuata, na nitaeleza kwa hesabu.

Somo la kwanza la uhasibu lilianza na sentensi moja ambayo wenzangu wengi waliinakili tu: kwamba biashara ni nafsi nyingine, tofauti na mwenye biashara. Mwalimu alieleza kwamba hata kama duka ni la mtu mmoja na sheria haiwatenganishi, katika vitabu vya hesabu mtaji anaouweka mwenye duka ni deni ambalo duka linadaiwa naye, na chochote anachochukua dukani kwa ajili ya nyumbani kinapunguza deni hilo. Nilikaa kimya kipindi kizima. Kwa miaka tisa mkoba wangu ulikuwa mmoja. Hela ya viazi, hela ya sabuni, mchango wa msiba na nauli ya mdogo wangu anayesoma Songea vilikaa ndani ya mkoba huohuo, na nilipoulizwa biashara inakwendaje nilikuwa nahesabu noti zilizomo na kujibu kutokana na unene wake.

Usiku ule nilichukua safari moja niliyoikumbuka vizuri, nikaiandika upya kama tulivyofundishwa. Naiweka hapa yote, kwa sababu bila tarakimu maneno yangu yatakuwa kama ya wengine.

Nilinunua gunia 60 kwa shilingi 55,000 kila moja. Usafiri ulikuwa 6,000 kwa gunia, na ushuru pamoja na kupakia na kushusha 2,000. Kwa hiyo kila gunia lilifika Uyole likiwa limenigharimu 63,000, na mzigo wote 3,780,000. Bei ya kuuzia ilikuwa 72,000. Kichwani mwangu, enzi hizo, hesabu ilikuwa fupi: 9,000 mara 60, faida 540,000. Ndivyo nilivyomwambia hata mume wangu.

Sasa tazameni kilichotokea. Gunia tatu ziliharibika kwa sababu mvua ilinyesha tukiwa njiani na turubai lilikuwa na matobo. Niliuza gunia 57, yaani 4,104,000. Kodi ya kizimba kwa siku hizo kumi ilikuwa 40,000, chakula na nauli zangu 60,000. Ukitoa gharama zote, faida ya kweli ilikuwa 224,000, chini ya nusu ya ile niliyoitangaza nyumbani. Na hapo sijajilipa hata senti moja kwa kazi yangu ya siku kumi.

Jambo lililonikosesha usingizi lilikuwa jingine. Katika zile gunia 57, tano niliwakopesha wakaanga chipsi wawili ninaowaamini, jumla 360,000. Kwa hiyo fedha iliyoingia mkononi ilikuwa 3,744,000, na baada ya kodi na chakula ikabaki 3,644,000. Nilianza safari na 3,780,000. Nilikuwa nimepata faida ya 224,000 na wakati huohuo fedha imepungua kwa 136,000, na taarifa zote mbili ni za kweli. Kisha nikatoa 150,000 kumpelekea mdogo wangu, ikabaki 3,494,000, ambayo kwa gharama ya 63,000 inatosha gunia 55. Safari iliyofuata nilileta gunia 55 na nikasema wateja wamekuwa wachache msimu huu.

Biashara yangu haikuwa na hasara. Ilikuwa inapata faida huku ikinyauka, na kwa miaka tisa nilitafuta sababu kwa madalali, kwa madereva, kwa bei ya mafuta na hata kwa majirani. Sababu ilikuwa ndani ya mkoba. Kutofautisha faida na fedha, na kutenganisha mali ya biashara na mali ya mwenye biashara, ni mambo ya wiki sita za kwanza za muhula wa kwanza. Mtu asiniambie kwamba hayo ni masomo ya kukariri.

Karibuni tujadiliane. Anayetaka kuuliza kuhusu sifa za kujiunga, aulize, nitajibu ninayoyajua.

Mchangiaji wa 1 (Makambako)

Kamwene, dada. Nimesoma maelezo yako yote na nayaheshimu, lakini siwezi kukubaliana nawe. Mimi nina duka la jumla hapa Makambako, karibu na njia panda ya Njombe, na sijakanyaga chuo. Nimewahi kuajiri vijana wawili wenye vyeti vya biashara. Wote walijua kunieleza maana ya biashara kwa Kiingereza kizuri, lakini hakuna aliyejua kwamba mzigo wa sukari ukifika siku ya Jumatatu bei inakuwa tofauti na ukifika Ijumaa, wala kwamba mteja kutoka Ludewa huja na orodha ndefu kwa hiyo hapaswi kukuta bidhaa moja imekosekana. Walimu wao hawajawahi kuuza hata kiberiti. Mifano yao ni ya makampuni ya Marekani. Haya uliyoyaandika ungeyapata kwa mzee yeyote wa Kikinga aliyeanza na meza ya njiani, na asingekudai ada.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Makambako, nakushukuru kwa kusema wazi, na sehemu ya maneno yako naikubali bila kusita. Muhula wa kwanza tulikariri mambo mengi. Kuna Mfaransa mmoja, Henri Fayol, mhandisi aliyeongoza kampuni ya migodi na kuchapisha kanuni zake 14 za uongozi mwaka 1916. Tulizikariri zote kwa mpangilio, tukazitapika kwenye mtihani, na wengi wetu hatukuwahi kuulizwa hata moja inafananaje na kazi ya mama lishe wa Kabwe. Hilo ni kosa la ufundishaji na linaniuma, kwa sababu kanuni zenyewe si za kupuuzwa. Mojawapo inasema mfanyakazi apokee amri kwa mkubwa mmoja tu. Pale kizimbani kwangu kijana wa kubeba mizigo alikuwa anatumwa na mimi, anatumwa na kaka yangu, na kila jioni tunamgombeza wote wawili kwa kazi aliyoiacha ya mwingine. Nilikuwa nimebadilisha vijana wanne kabla ya kujua kwamba mwenye kasoro hakuwa kijana.

Kuhusu mzee wa Kikinga, sina ubishi. Wazee wale wanajua biashara kuliko walimu wangu wote. Ila nakuomba ulitazame jambo hili kwa upande wa pili. Utaratibu wa kuandika kila muamala mara mbili, debiti upande huu na krediti upande ule, haukubuniwa na maprofesa. Wafanyabiashara wa miji ya Italia walikuwa wakiutumia kwa muda mrefu kabla Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko aliyefundisha hisabati, hajauandika katika kitabu chake kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Yeye mwenyewe hakudai kwamba ameuvumbua. Alieleza yale waliyoyafanya wafanyabiashara wa Venice. Maarifa haya yalitoka sokoni yakapelekwa darasani ili yasife na wenyewe. Anayekwenda kuyasoma anakwenda kuchukua mali ya wachuuzi wenzake.

Na mzee wa Kikinga hufundisha nani? Humfundisha mwanawe, au mpwa wake aliyekaa naye dukani miaka mitano akifagia na kupanga bidhaa. Mimi sikuzaliwa katika nyumba ya duka. Baba yangu alilima pareto na viazi. Chuo kilikuwa mlango pekee uliokuwa wazi kwangu.

Mchangiaji wa 2 (mzazi, Ludewa)

Naomba msaada kutoka kwa mwanzisha uzi. Kijana wangu amemaliza kidato cha nne, amepata D nne na zilizobaki F. Mojawapo ya hizo D ni ya somo la dini. Kuna mtu amekuja hapa kijijini anasema chuo chao kinapokea wote, nilipe nusu ya ada kwanza. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo. Usilipe bado.

Kwa ngazi ya 4, sifa inayotakiwa ni ufaulu wa angalau masomo manne kwa kiwango cha D au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Kwa maelezo yako kijana ana masomo matatu yanayohesabika, kwa hiyo amepungukiwa na moja. Njia ya salama ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa somo moja au mawili anayoyaweza, huku akiendelea kukusaidia kazi. Chuo kinachompokea mtu asiye na sifa humpatia cheti ambacho baadaye kitamkwamisha anapotaka kupanda ngazi ya 5 na ya 6.

Naomba yule ndugu mkufunzi wa Iringa, ambaye huwa anachangia humu, aongezee kuhusu namna ya kukitambua chuo.

Mchangiaji wa 3 (mkufunzi, Iringa)

Nimeitwa, nami nimefika. Jibu la dada ni sahihi. Mzee, vyuo vya ngazi hizi husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo wengi wanalijua kwa kifupi chake, NACTVET. Kila mwaka Baraza hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha chuo, programu, sifa za kujiunga na ada. Mwongozo huo unapatikana kwenye tovuti yao. Mwombe mwalimu wa sekondari ya kata akufungulie. Angalieni mambo mawili, chuo chenyewe na programu yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa halafu programu unayouziwa haimo.

Mikoa yetu haina upungufu wa mahali pa kusoma biashara. Mbeya kuna kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara, kile kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, na kuna ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe. Iringa tuna Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Kwa mtu asiyeweza kufunga duka, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa Mbeya na Iringa pia. Ngazi zinazotolewa hazifanani, kwa hiyo msichague kwa jina la jengo.

Niongeze neno moja kuhusu lugha, kwa kuwa halijaguswa na ndilo linaloangusha wanafunzi wengi kuliko hesabu. Tunafundisha kwa Kiingereza watu ambao wamefanya biashara, wamekopa, wamedhulumiwa na kusamehe madeni kwa Kiswahili, Kihehe au Kinyakyusa. Mwanafunzi anaelewa vizuri sana deni ni nini, lakini akikutana nalo kwa jina la kigeni kwenye karatasi ya mtihani haligundui kuwa ni mtu anayemjua tangu utotoni. Nimesahihisha karatasi ambazo mwanafunzi amepanga mali upande wa madeni, na nilipomwita ofisini nikamuuliza kwa Kiswahili, akanipangia zote sawasawa bila kusita.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, umesema jambo ambalo lilinitesa muhula mzima. Nilichofanya mimi ni kutenga daftari dogo la maneno. Kila neno jipya nililiandikia Kiswahili chake, kisha chini yake nikaandika mfano kutoka kwenye viazi vyangu. Mali: mizani, turubai, viazi vilivyomo, fedha iliyopo, na zile 360,000 ninazowadai wakaanga chipsi. Madeni: Fuso ambayo sijamaliza kuilipa nauli, na mkopo wa VICOBA, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mtaji: kinachobaki ukitoa madeni kwenye mali. Uchakavu: turubai la 180,000 litakalodumu misimu mitatu, ambalo kila msimu limekula 60,000 hata kama mwaka huu sijatoa hela yoyote ya turubai. Nilipokuwa nasoma kwa ajili ya mtihani nilikuwa nafunga macho na kuliona lile turubai, na jibu lilikuja.

Jambo la turubai linanirudisha kwenye hesabu niliyotaka kuieleza jana nikaacha kwa urefu. Kuna gharama zinazokua kadiri mzigo unavyokua, kama ununuzi na usafiri, na kuna zile zinazokaa palepale hata ukileta gunia moja, kama kodi ya kizimba na chakula changu, ambazo katika safari ile zilikuwa 100,000. Kila gunia linaacha 9,000. Gawanya 100,000 kwa 9,000: ninahitaji kuuza gunia 12 ndipo nitoke bila hasara. Ndivyo kitabu kinavyosema. Lakini kwangu gunia moja katika ishirini liliharibika. Ukiingiza uharibifu huo, gunia ninalonunua linaniingizia wastani wa 68,400 badala ya 72,000, ukitoa 63,000 linaacha 5,400 tu, na sasa ninahitaji gunia 19. Uharibifu wa asilimia tano ulinisogezea mstari wa usalama kutoka gunia 12 hadi 19. Nilipoona tarakimu hiyo, kesho yake nilikwenda kununua turubai jipya, ingawa kwa miaka mitatu nilikuwa naliona ni anasa.

Mchangiaji wa 4 (mkulima, Isangati)

Mimi ni mkulima wa viazi huko Umalila mnakovinunua. Dada, katika hesabu yako umeandika 55,000 kwa gunia. Gunia lipi? La kawaida au lumbesa? Maana sisi tunajaza mpaka juu, tunashona kichwa kwa kamba, na hilo nalo linaitwa gunia moja. Je, hayo nayo mnafundishwa?

Mwanzisha uzi

Kaka, swali lako ni la haki, na nitalijibu kwa ukweli ingawa linanihusu mimi mwenyewe. Lilikuwa lumbesa. Sheria ya vipimo inataka mzigo usizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupita kulikumbusha hilo, lakini shambani mnunuzi ndiye mwenye gari na mkulima ana viazi vinavyooza, kwa hiyo mnunuzi ndiye anayeamua gunia ni kitu gani.

Katika hesabu za biashara jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutafuta bei ya kipimo kimoja kabla ya kulinganisha chochote. Gunia la kilo 100 kwa 55,000 ni shilingi 550 kwa kilo. Lumbesa la kilo 130 kwa 55,000 hiyohiyo ni shilingi 423. Mkulima amepoteza shilingi 127 katika kila kilo, na katika gunia moja ametoa bure kilo 30. Niliifanya hesabu hiyo darasani, nikamkumbuka baba yangu akishona vichwa vya magunia usiku kwa taa ya chemli. Siku hizi nanunua kwa mizani. Nalipa zaidi kwa gunia kuliko wenzangu, na nisingeweza kumudu kama nisingekuwa nimepunguza uharibifu na mikopo ya wateja. Sidai kwamba chuo ndicho kilichonipa dhamiri. Kilinipa tarakimu, na baada ya kuiona sikuweza tena kujifanya sijui.

Kwa mkulima, somo la awali la biashara lina faida hiyohiyo. Mkijua bei ya kilo mnaweza kukaa watu kumi mkakubaliana kutouza chini ya kiwango fulani. Mkiuza kwa gunia, kila mmoja ana gunia lake na makubaliano hayana pa kushika.

Mchangiaji wa 1 (Makambako)

Nimekuwa nikifuatilia. Hesabu ya viazi imenigusa, sitaficha. Naomba uniambie kuhusu mikopo, maana hapa mjini watu wanalia na mikopo ya kausha damu, na mimi mwenyewe nimeahidiwa milioni moja kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa miezi sita. Ni nafuu au si nafuu?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali la kwanza la kumuuliza mkopeshaji ni hili: riba inapigwa juu ya nini? Ikipigwa juu ya milioni nzima mpaka mwezi wa mwisho, utalipa 35,000 kila mwezi, jumla 210,000. Ikipigwa juu ya deni lililobaki, huku ukirejesha sehemu sawa ya mkopo kila mwezi, mwezi wa kwanza utalipa riba ya 35,000, na itaendelea kushuka hadi chini ya 6,000 mwezi wa sita. Jumla yake ni 122,500. Kiwango kilichotajwa ni kilekile, lakini tofauti ni 87,500. Asilimia 3.5 kwa mwezi ndio ukomo ambao Benki Kuu imewawekea watoa huduma ndogo za fedha wasiopokea amana, kwa hiyo anayekuomba zaidi ya hapo una sababu ya kumuuliza leseni yake.

Kabla ya kusaini, pitia pia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, hukopeshwa kwa vikundi bila riba. Huenda wewe umri umekupita, lakini mke wako na wenzake wanaweza kuwa na kikundi.

Na kwa kuwa umeniuliza kuhusu fedha, nikueleze jambo la kodi linalohusu daftari. Mdogo wangu mwingine ana genge Iyunga. Katika viwango vya kodi ya makadirio vilivyopitishwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya mwaka kati ya milioni nne na milioni saba, kama hatunzi kumbukumbu, alitozwa 100,000 bila kujali kama ameuza milioni nne na nusu au sita na nusu. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia tatu ya kile kinachozidi milioni nne. Genge lenye mauzo ya milioni tano lingelipa 30,000 badala ya 100,000. Hiyo tofauti ya 70,000 ni daftari la shilingi elfu moja na dakika kumi za kila jioni. Viwango huweza kubadilika katika Bunge la bajeti, kwa hiyo aulize ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ya wilaya kabla ya kukadiriwa.

Mchangiaji wa 2 (mzazi, Ludewa)

Nimeelewa. Kijana atarudia Kiswahili na Jiografia. Katika kipindi hicho cha kusubiri, afanye nini ili asikae bure?

Mwanzisha uzi

Mzee, mpe kitu cha kuandika hesabu zake, hata kama ni kuku sita. Wanafunzi wenzangu waliokuwa na miaka 18 walikuwa na akili kunizidi, walimaliza maswali ya urari, yaani kuhakikisha debiti na krediti zinalingana, kabla sijachora jedwali, lakini hawakuwa na kitu chao cha kukiuliza. Waliambiwa kuhusu gharama na hawakuwa wamewahi kulipa gharama yoyote. Kijana akifika chuoni na daftari la mwaka mmoja la kuku wake, amenunua pumba kwa bei gani, mayai mangapi yamevunjika, nani anadaiwa, basi kila kipindi kitamkuta ana swali mkononi.

Daftari la kurasa 96 linatosha. Achore safu tano: tarehe, maelezo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, salio. Nyuma ya daftari atenge kurasa za wadaiwa, na kurasa nyingine za vitu vilivyochukuliwa na nyumbani.

Mchangiaji wa 1 (Makambako)

Dada, ugomvi wetu niliuanzisha mimi, basi acha nilete matokeo mimi. Nimeandika kwa siku saba kama ulivyomwelekeza mzee. Dukani fedha imetimia, isipokuwa kuna jambo sijui niliweke wapi. Katika wiki hiyo nyumbani walichukua kilo nane za sukari, lita tano za mafuta na sabuni mche mmoja. Hakuna fedha iliyoingia wala kutoka. Sukari nanunua 2,700 na kuuza 3,000. Nikiandika, niandike kwa bei ipi? Na je, ni gharama ya duka?

Mwanzisha uzi

Ndaga fijo, ndugu yangu, kwa kurudi na tarakimu.

Si gharama ya duka, kwa sababu duka halikupata huduma yoyote kutokana na sukari hiyo. Ni mali ya duka iliyokwenda kwa mwenyewe, kwa hiyo inapunguza mtaji wako. Iandike kwa bei uliyonunulia, yaani kilo nane mara 2,700, ambayo ni 21,600. Usiandike 24,000, kwa kuwa hukujiuzia na duka haliwezi kupata faida kutoka kwako. Mafuta na sabuni vilevile, kwa bei ya ankara. Weka jumla ya wiki kwenye zile kurasa za nyuma, na siku hiyohiyo punguza kilo nane kwenye hesabu ya bidhaa zilizopo, la sivyo mwisho wa mwezi utakapohesabu mifuko utamshuku kijana wa dukani.